Hatua Kumi na Tano Nyuma ya Lori

Amri ya kwanza niliyopewa katika kazi hii ilikuwa fupi: "Hapana kimbia." Aliyenipa ni Papa Mbusa, kocha na mwamuzi wetu, asubuhi moja kwenye barabara ya Mususa, hapa Butembo, hata kabla hajaniuliza jina. Nilimwuliza kwa nini. Tangu siku hiyo akaniita Pourquoi, "Kwa nini" kwa Kifaransa, na ninyi wanafunzi wangu mmelirithi jina hilo. Mnadhani sijui mnavyoniita nikigeuka.

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na nne. Msicheke. Mwalimu anaweza kusubiri mvi, lakini mtembeaji wa mashindano anastaafu siku goti lake linapokataa, na langu limekataa. Kwa miaka kumi na moja nimetembea kwa kasi katika barabara za Butembo na Beni huku watu wazima wakinionyesha kwa kidole na watoto wakiniiga kiuno. Anayebisha kwamba hiyo si kazi, aje apande mlima na sisi saa kumi na mbili asubuhi, kisha avue soksi zake tuzitazame.

Wiki iliyopita mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli nilishinda Mavivi nikakataa kwenda Kinshasa. Hadithi hiyo naisikia kila mwaka, na kila mwaka inanifanya mtakatifu zaidi. Siipendi. Mkisimuliwa uongo ili muwe watu wema, mtakuwa wema wa uongo. Basi nitaisimulia mwenyewe, na mtaona kwamba hakuna mtakatifu ndani yake.

Lakini lazima nianze na ile amri.

Sheria za mchezo wetu mnazijua, ni mbili. Mguu mmoja uwe chini kila wakati. Na mguu wa mbele unyooke tangu kisigino kinapogusa ardhi mpaka mwili upite juu yake. Mwamuzi anasimama kando ya njia, kibao cha onyo mkononi, na kukutazama kwa macho yake tu, bila kifaa cha kupimia. Mimi nilikuwa nasoma fizikia chuo kikuu, na jambo hilo lilinikosesha raha. Siku moja nikawapiga wenzangu video kwa simu, nikaipunguza mwendo, na nikaona kile nilichokuwa nakishuku: wote tulikuwa tunaruka. Kidogo sana, kwa muda usiotosha kupepesa jicho, lakini miguu yote miwili ilikuwa hewani. Nikampelekea Papa Mbusa kama mtu aliyemkamata mwizi.

Alitazama mara tatu. Kisha akanirudishia simu.

"Umeona na simu," akasema. "Miye niko juge, mwamuzi wa macho."

"Lakini Papa, ukweli ndio huu."

"Bon. Basi simu ipewe kibao, isimame ku jua masaa mbili."

Nilikasirika mwezi mzima. Sheria gani hii iliyojengwa juu ya udhaifu wa jicho? Nikawatangazia wenzangu kwamba katika mchezo wetu kosa ambalo mwamuzi hakuliona si kosa. Nilijivunia sana sentensi hiyo. Ishikeni, itarudi.

Sababu ya kutokimbia niliijua kwa aibu. Asubuhi moja nilichelewa mtihani. Nilikuwa na kaptula na viatu vya mazoezi, chuo kilikuwa mbali, nikaamua kukimbia. Na kwa kuwa niliogopa Papa Mbusa asije akaniona, nilikuwa nageuka kutazama nyuma kila baada ya hatua chache. Hebu fikirini picha hiyo katika mji wetu uliozoea mashambulizi: mtu anakimbia, anatazama nyuma. Mama aliyekuwa anapanga ndizi akasimama. Fundi cherehani akavuta mlango. Mzee aliyekuwa akisukuma tshukudu, baiskeli yetu ya mbao, yenye mzigo wa makaa, akaiachia ikaanguka, naye akaingia uchochoroni. Nilipofika mwisho wa barabara, nyuma yangu hapakuwa na mtu. Na hakuna aliyekuwa amepiga kelele. Ukimya ule bado ninao masikioni.

Papa Mbusa alinichukua mchana uleule, mlango kwa mlango, kuomba radhi. Mama wa ndizi alinisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Mwana, ulikuwa unakimbia nini?"

"Nilikuwa nimechelewa, mama."

"Siku ingine uchelewe."

Njiani kurudi, Papa Mbusa hakunigombeza. Alisema tu, "Hapa kwetu mutu anakimbia juu ya kitu ameona. Ukikimbia na haujaona kitu, umedanganya batu." Ndipo nilipoelewa kwa nini kijana anayetaka riadha hapa kwetu anafundishwa kutembea kwanza. Nilielewa, lakini sikukubali moja kwa moja. Nilimwuliza, je, mtu akikimbia kwa sababu wengine wanakimbia, huyo naye amedanganya? Akaniambia nikalale.

Sasa mambo ya goti, maana bila goti hadithi hii haieleweki. Goti langu la kulia liliharibiwa na mihogo. Tangu nikiwa na miaka minane nilishuka milima na mama nikiwa na kikapu mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso. Ukishuka na mzigo wa namna hiyo, unakunja magoti, la sivyo unakwenda na mihogo yako mpaka mtoni. Mwili hausahau. Nilipoanza mashindano, kwenye tambarare nilikuwa sawa, lakini barabara ikiinama kidogo tu, goti lilikumbuka mihogo likajikunja. Nusu ya wasichana wa kikundi chetu walikuwa na ugonjwa huo, na waamuzi wa kutoka mbali hawakuuelewa. Dawa yake ni moja: tembea mteremko ukiwa umeshika kijiti kirefu nyuma ya goti, polepole, mara mia. Na miguu ipakeni mafuta ya mawese kati ya vidole kabla ya soksi. Na mkikaribia kizuizi cha wanajeshi, hatua thelathini kabla, shusheni mikono, tembeeni kama watu wanavyotembea, kadi ya utambulisho iwe tayari mkononi. Askari mmoja wa kizuizi cha Alimbongo aliwahi kuniuliza, "Mama, unatembea ao unacheza?" Nilikuwa na jibu la kifizikia. Nikalimeza.

Mavivi, sasa.

Mavivi iko kaskazini mwa Beni, pale penye uwanja wa ndege. Mashindano yalikuwa ya kuchagua mwanamke mmoja wa kwenda Kinshasa kwenye mashindano ya taifa. Mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilijua magoti yangu hayatanipa nafasi nyingine. Mama yangu alikuwa amechoka kuulizwa kanisani kama binti yake mwenye diploma bado anatikisa kiuno barabarani. Nilitaka kupanda ndege mbele ya macho yao, nirudi nayo, wanyamaze.

Njia ilikuwa kilomita moja kwenda na moja kurudi, mara kumi, upande mmoja wa barabara, magari yakipita upande wa pili. Waamuzi walikuwa watatu. Mwamuzi mmoja anaweza kumpa mtembeaji kadi nyekundu moja tu. Ukipata tatu, kutoka kwa waamuzi watatu tofauti, umetolewa. Kadi zilikuwa zinaandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi pale mwanzo wa njia, mbele ya kila namba. Wanawake tulianza watano. Kufikia mzunguko wa sita wawili walikuwa wametolewa. Tukabaki mimi, Kahindo wa palepale Mavivi, na Masika wa kikundi chetu, muuza nguo za mitumba aliyeingia mchezoni kwa sababu muuguzi alimwambia apunguze presha.

Kahindo alikuwa mbele yangu hatua kama kumi na tano, hana hata mstari mmoja wa chaki. Mzunguko wa kwanza alikuwa amenigeukia.

"Pourquoi, leo hapana maswali?"

"Nitauliza nikikupita."

"Basi utanyamaza mpaka jioni."

Masika alikuwa nyuma yetu karibu mizunguko miwili, anawasalimia watazamaji mmoja mmoja. "Wabukire, mama. Wabukire, tata." Walimpigia makofi kuliko sisi.

Mzunguko wa nane, nilipopita ubaoni, mbele ya namba yangu palikuwa na mistari miwili. Mteremko mdogo wa upande wa kaskazini ulikuwa umenisaliti mara mbili, kwa waamuzi wawili. Kadi iliyobaki ilikuwa ya Papa Mbusa, aliyesimama ng'ambo ya barabara, usawa wa katikati ya njia, na shati lake jeupe la Jumapili. Alikuwa ameshanionyesha kibao cha njano, yaani onyo. Msidhani angenionea huruma. Kadi ya kwanza maishani mwangu alinipa yeye.

Kila nilipomkaribia nilikuwa najihesabia hatua. Kisigino, goti, nyonga. Kisigino, goti, nyonga. Nikimpita, napumua. Kisha nageuka mwisho wa njia na kuanza kumwogopa upya.

Tulikuwa katika mzunguko wa tisa mlio uliposikika kutoka upande wa soko dogo. Mlio mmoja, mzito, kama wa bunduki. Ukafuata ukimya, na ndani ya ukimya nikasikia miguu. Watu walikuwa wanakuja kwetu, wamejaa barabara. Mama mmoja alikuwa ameshika mwiko bado una ugali. Pikipiki zikageuka papo hapo. Hakuna aliyepiga kelele. Niliutambua ukimya ule: ulikuwa ule wangu wa Mususa, safari hii ukija kunitafuta. Lori refu la mbao, lenye trela, lilisimama sambamba na njia yetu na dereva akaruka, akaacha mlango wazi.

"Beko wapi?" mtu aliuliza, akimaanisha washambuliaji.

Kahindo alisema maneno mawili tu, "Mutoto wangu." Akaacha njia mbele ya mwamuzi wa pili, akakimbia kati ya nyumba bila kutazama nyuma. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa kwa bibi yake, nyuma ya soko, kule mlio ulikotoka. Alikimbia kuuelekea.

Mimi nilijiambia: nani ameona? Hakuna aliyeona. Mlio mmoja unaweza kuwa tairi. Nakumbuka kwa fahari ya kipumbavu kwamba kichwa changu kilisema tairi, na kilikuwa sahihi. Miguu haikukiuliza kichwa. Lori lilikuwa kati yangu na Papa Mbusa. Nilipofika nyuma yake, nikakimbia. Hatua kumi na tano, nilizihesabu baadaye. Magoti yamekunjwa, miguu yote hewani, kama mtu aliyeona kitu. Na hapa ndipo hadithi ya mtakatifu inapokufa: kabla lori halijaisha, nikashusha mikono, nikanyoosha goti, nikatokea upande wa pili nikitembea vizuri kabisa. Hofu ilikuwa imenichukua miguu, lakini iliniachia hesabu ya kadi.

Papa Mbusa alikuwa mahali pake, kibao mkononi. Shati lake jeupe lilikuwa jekundu kifuani lote. Nilidhani ni vumbi la watu waliopita. Alinitazama magoti, hakunionyesha chochote, nami nikapita.

Ilikuwa tairi, ya lori jingine, pale sokoni. Baada ya dakika chache watu walianza kurudi wakicheka kicheko kile cha chini tunachokijua, wakitafuta kandambili zilizobaki barabarani. Nilimaliza mizunguko kumi peke yangu. Nilikuwa wa kwanza. Ndege ilipaa juu ya vichwa vyetu wakati uleule, na niliitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyokwisha kuilipia.

Waamuzi walikaa mezani chini ya turubai kuandaa karatasi ya matokeo. Kahindo akarudi, mtoto kamfunga mgongoni kwa kitenge, uso umepauka kwa vumbi. Alijua ametoka. Akakaa kwenye benchi na kumfungua mtoto, na mtoto akaja moja kwa moja kuchezea kamba za viatu vyangu.

"Weye uko na moyo," Kahindo aliniambia. "Miye nilikimbia. Weye haukukimbia."

Nilimpapasa mtoto wake kichwani. Nilikuwa na jibu tayari, la miaka mingi: kosa ambalo mwamuzi hakuliona si kosa. Nililirudia kichwani nikaona bado halina ufa.

Papa Mbusa alishika kalamu, halafu akaiweka chini.

"Mbele ya kutia sahihi," akasema, "niko na neno. Chini ya camion ile ya mbao niliona miguu inakimbia. Sikuona dossard, namba ya kifua, sikuona uso. Batu balikuwa mingi. Carton nyekundu bila namba, ile hapana carton. Donc siandiki kitu." Akatuangalia wote, hata watu wa kuchora chaki. "Kama kuko mutu eko na neno, aseme sasa."

Mwamuzi wa pili alitazama saa yake. Mtoto wa Kahindo alifaulu kufungua kamba ya kiatu changu cha kushoto, akafurahi, akahamia cha kulia. Nilifikiri juu ya mama yangu kanisani. Nilifikiri kwamba hatua kumi na tano katika kilomita ishirini hazikunipa chochote, maana mpinzani wangu alikuwa ameshaondoka njiani. Hoja ilikuwa nzuri. Niliitafuta hoja iliyo nzuri zaidi, na nilipogundua kwamba naitafuta, nikajua nimeshindwa.

"Ni yangu," nikasema.

"Nini ni yako?"

"Ile miguu, Papa. Ni yangu."

Papa Mbusa hakuonyesha kushangaa wala kufurahi. "Hapana naweza kuandika carton juu ya neno yako. Sheria ni macho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo uniambie weye."

Kujitoa hakuhitaji kadi: nilifungua pini nne za namba yangu. Ya tatu ilinichoma kidole. Nikaweka namba mezani na doa dogo la damu juu yake.

"Kumbe na weye," Kahindo alisema. Akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi.

Wakati huo Masika alikuwa ndiyo kwanza anamaliza, anapunga mikono. Watu walipokimbia alikuwa mwisho wa njia, karibu na askari mmoja aliyemwambia asimame pale pale asitikisike. Alisimama. Kusimama hakukatazwi. Yalipokwisha, akamuaga askari, akaendelea. Hakuwa na mstari hata mmoja ubaoni.

"Mama Masika," Kahindo akamwambia, "weye njo unaenda Kinshasa."

"Miye? Mais niko wa mwisho."

"Njo weye wa kwanza."

Masika alikaa chini barabarani akatutazama kwa zamu, aone ni nani anayetania. "Kinshasa kuko milima?" akauliza.

"Hapana."

"Basi nitaenda."

Alikwenda. Alimaliza wa mwisho, bila kadi, na akawasalimia watazamaji wote. Mimi nililia kutoka Beni mpaka Butembo nyuma ya pikipiki, na dereva alidhani nimefiwa. Mwaka uliofuata hakukuwa na uteuzi. Uliofuata huo, goti. Sijapanda ndege mpaka leo. Mkiniuliza kama ningesema tena "ni yangu", asubuhi nyingine nasema ndiyo, nyingine nanyamaza. Msimwamini anayejibu swali hilo haraka.

Kuna jambo moja halikuniacha: Papa Mbusa aliionaje miguu ile chini ya lori? Miaka miwili iliyopita niliwapeleka baadhi yenu Mavivi, mkanikuta nimelala barabarani kwa tumbo, madereva wakinicheka. Mlidhani nimechanganyikiwa. Lori la mbao lilikuwa limeegeshwa palepale, nami nilikuwa nimesimama alipokuwa amesimama Papa Mbusa. Mmoja wenu nilimtuma apite nyuma ya lori. Nikiwa nimesimama, sikuona kitu, mbao na turubai tu. Nilipochuchumaa, niliona magurudumu. Ilibidi nilale kifua kwenye udongo ndipo niione miguu yake, mpaka kwenye vifundo, basi.

Tuliporudi Butembo nilimkuta Papa Mbusa nyumbani kwake Mususa, anawakatia sungura majani. Naye amestaafu. Nilimwambia kwamba nimepima, na kwamba mtu aliyesimama pale hawezi kuona chini ya lori.

"Ile siku, Papa, ulikuwa umesimama?"

"Pourquoi," akasema bila kuacha kukata. "Ile siku nani alikuwa amesimama?"

"Ulilala chini. Lile shati, halikuwa vumbi la watu."

"Nililala. Kifua ku udongo, naomba Mungu. Nilijua tumekwisha."

"Na bado ulikuwa unaangalia miguu."

Aliweka panga chini, kama mtu ambaye hakuwahi kuulizwa.

"Macho," akasema, "haikuwa na kazi ingine."